Wapima Macho wa Sifanje

Mimi nilizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na makengeza, na kwetu Tambarare hakuna asiyejua. Jirani akipiga lipu ukuta wake, mimi silali. Mtu akinunua mbuzi, namwota mbuzi yule akiwa kwangu. Kwa hiyo wajumbe wa mji wa Sifanje walipoteremka kutoka milimani kutafuta mgeni mwenye kijicho cha kweli, hawakuzunguka sana. Walisimama sokoni, wakauliza, na soko zima likanyoosha kidole nyumbani kwangu.

"Ndiye huyu?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Ndiye hasa," jirani yangu alijibu, meno yote nje. "Mchukueni. Tena msimharakishe kurudi."

Safari yenyewe siielezi. Anayekwenda Sifanje hupanda, na akichoka hupanda tena, mpaka afike mahali ambapo kila neno linatoka mdomoni pamoja na mvuke. Ninachotaka kueleza ni sheria za watu wale, maana nimelala kwao, nimekula kwao, na nimeondoka nikisindikizwa na matusi. Sina kinyongo na mtu yeyote kule. Kinyongo ninacho na paka mmoja tu.

Mji uko begani mwa mlima. Nyumba ni za mianzi na udongo mwekundu, na asubuhi ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Chini yake kuna mashamba ya viazi, maharage na migomba yaliyokatwa kwa matuta mpaka bondeni. Juu yake kuna msitu wa mbega weusi kwa weupe, na katika kila bonde maji yanateremka. Kwetu maji huja kwa madumu, yakiletwa na mtu mwenye punda na kiburi. Nilipoyaona maji yale yakimwagika juu ya mawe kana kwamba hayana mwenyewe, nilikasirika. Nilikaa juu ya jiwe nikayatazama kwa chuki.

Mtu mmoja aliyevaa joho la kijani akanijia, akainama, akanichungulia machoni kwa karibu sana.

"Vizuri," alisema. "Vizuri mno. Lakini mto huu umeshaonewa wivu zamani, bwana mgeni. Usimalize nguvu zako hapa."

Huyo alikuwa Bwana Kalobo, Mpima Macho Mkuu wa Sifanje, na ndiye aliyenieleza sheria kuu ya nchi. Watu wa Sifanje hawaamini kwamba kitu chao ni kizuri mpaka mgeni akionee wivu. Kukisifu hakutoshi; sifa, alisema, mgeni yeyote huzitoa ili aongezewe chai. Wivu haughushiwi, na macho hayana pazia. Basi kila msimu huleta mgeni, humweka katika nyumba ya mwananchi, kisha humsimamisha mbele ya Baraza na kumuuliza: "Umeonea wivu nini?" Akitaja, na Mpima Macho akathibitisha, kitu hicho hutangazwa Tunu ya Mji. Tangu hapo huzungushiwa uzio na kupewa mlinzi, na mwananchi haruhusiwi kukigusa, asije akakichakaza kabla wageni wengine hawajakiona.

"Na mgeni akikidharau kitu?" niliuliza.

"Hapo kimeanguka. Hakiwi Tunu milele. Lakini mgeni naye hatakionja tena, na mwenye nacho anapewa haki ya kumtukana siku ya kuondoka. Sisi ni watu wa haki."

Nilidhani ananitania, akanitembeza. Nilionyeshwa chemchemi ambayo mgeni mmoja wa zamani aliionea wivu: ina uzio wa chuma na benchi la wageni, na wanawake wa mji hupita kando yake na ndoo vichwani, wakienda kuchota kwenye kijito cha matope upande wa pili wa mlima. Mbega nao ni Tunu. Mwananchi akipita msituni sharti atazame chini, mbega wasichakae kwa kutazamwa, na ndiyo maana watu wengi wa Sifanje wana nundu kwenye paji la uso, wamegonga miti. Hata maamkizi yao yamechukuliwa. Zamani walikuwa wakiulizana mpaka hali ya ng'ombe na ya mgonjwa wa jirani, ndipo waachane. Mgeni kutoka mahali ambapo watu hawasalimiani akayaonea wivu hadi akalia. Sasa yanatolewa ukumbini na wazee wawili wenye kibali, na wananchi wakikutana njiani hukohoa tu, kila mmoja akaenda zake.

Kile ambacho hakuna mgeni aliyekionea wivu, hicho hawana habari nacho. Wana asali nyeusi ya msituni, nzito, yenye uchungu kidogo mwishoni kama dawa nzuri. Wanaimwaga njiani kuwapoteza siafu. Wenyewe wanapaka mkate wao jemu ya kopo inayopandishwa kutoka kwetu Tambarare. Jemu ile naijua. Sisi hatuipaki hata kwenye mtego wa panya.

Nilihudhuria kikao kimoja cha Baraza kabla ya siku yangu. Hoja ilikuwa ukungu, ambao ulikuwa umetangazwa Tunu karibuni. Kundi moja lilitaka ujengwe uzio mrefu. Kundi la pili lilisema uzio hautoshi, na kwamba wananchi wapigwe marufuku kuwasha moto asubuhi, moshi usije ukajifanya ukungu na kuwadanganya wageni. Mkulima aliyesimama nyuma alisema ukungu haujapungua tangu enzi za babu yake, na watoto wanahitaji uji wa moto. Mwenyekiti Asajile, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwambia ya kwamba hoja ya uji italetwa siku uji utakapoonewa wivu. Marufuku ya moto ikapita kwa makofi.

Wajumbe walipiga makofi yale wakiwa wameketi. Viti vya Baraza la Sifanje vimechongwa kila kimoja kwa gogo moja, mgongo wake umepinda kufuata uti wa mtu, na juu yake imetandikwa ngozi ya kondoo. Wananchi na wageni husimama. Mimi nilisimama tangu ukungu unaingia mpaka unatoka, na siku ile sikuviwaza viti vile zaidi ya kuvitukana kimoyomoyo.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya Mama Sekela, mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye kope zilizobabuliwa na moto wa jikoni. Aliishi na mama yake mzazi, aliyeitwa Bibi, na binti yake Sekela, wa miaka saba hivi. Alinipokea kwa kukohoa, sheria inavyotaka, akanitengea sebuleni mkate, jemu na biskuti kutoka kwetu.

"Karibu chakula, mgeni."

Nilikitazama chakula kile. Nimepanda mlima mzima, nimeacha biskuti zile kwetu zikiota kuvu, nazo zimetangulia kunisubiri! Nikala kwa adabu. Ndipo nikasikia harufu.

Ilitoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa harufu ya ndizi na moshi na maziwa, na pamoja nayo vilikuja vicheko, vya Bibi, vya mtoto, na vya Mama Sekela mwenyewe, ambaye mbele yangu hakuwa ametabasamu hata kidogo. Wivu ulinipanda hapo hapo. Watu wanacheka, wanakula, na mimi niko sebuleni na kopo la jemu! Niliinuka, nikazunguka nyumba, nikasukuma mlango wa jiko.

Vicheko vilikatika. Mama Sekela alisimama mbele ya meko akakunjua kanga yake kuficha kitu.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimenusa kwanza."

Bibi aliguna. "Mwache aketi, mwanangu. Aliyekwisha kunusa, ukimnyima atakwenda kulinusisha na Baraza."

Nikaketi kwenye kigoda. Alipoondoa kanga, palikuwa na chungu kilichozikwa nusu katika majivu ya moto. Chakula kile wanakiita kisonde. Ni ndizi mbichi, maharage, boga na majani yake, vyote vikapondwa kwa mwiko na kumwagiwa maziwa ya mgando, kisha huachwa polepole mpaka utandu ugande chini, wa kahawia, mgumu pembeni na laini katikati. Chungu hakioshwi chote. Masalia ya jana ndiyo mwanzo wa leo, na Bibi alisema masalia ya kwanza aliachiwa na nyanya yake.

Nao hawajichotei ovyo. Mwiko mmoja huzunguka, na kila anayeupokea husema kwanza kitu alichokiona siku hiyo kwa macho yake mwenyewe. Mwisho wa mlo, aliyesimulia vizuri kuliko wote hupewa utandu. Mimi nilisimulia habari ya Mwenyekiti Asajile na uji. Sekela alisimulia jinsi kinyonga alivyoupanda mkongojo wa Bibi akidhani ni mti, Bibi akatembea naye mpaka kijitoni bila kujua, na kinyonga akawa anageuza macho kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo. Walicheka mpaka wakalia. Utandu akapewa Sekela.

Hadithi yangu ilikuwa nzuri zaidi, naisema mpaka leo. Nilimtazama mtoto yule akivunja utandu kwa vidole, nikasikia masikio yangu yakipata moto. Na siyo utandu peke yake niliouonea wivu. Niliwaonea wivu kwa sababu walikuwa na mahali ambapo mtu huulizwa leo umeona nini, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Mimi kwetu hula nikiwa nimesimama dirishani, nikitazama sahani ya jirani.

Mama Sekela aliniona.

"Mgeni wangu," alisema, akishusha sauti, "baba yake huyu mtoto alikuwa akicheza ngoma ya mavuno kuliko mtu yeyote wa bonde hili. Mgeni mmoja akamwonea wivu. Sasa anacheza asubuhi, mchana na jioni ndani ya uzio, mavuno yawepo yasiwepo, na analala huko huko. Akiruhusiwa kuja, anafika na miguu imekufa. Huyu hajawahi kucheza na baba yake hata siku moja."

Sekela alikuwa anakwangua chungu, kana kwamba haongelewi yeye.

"Kisonde kikitangazwa Tunu, chungu hakiendi peke yake. Mpishi naye anaingia ndani ya uzio. Huyu atabaki na Bibi, na Bibi umemwona, anabeba kinyonga hajui. Nakuomba ukiulizwa usikitaje."

"Sitakitaja, Mama Sekela. Naapa."

"Mdomo wako nauamini. Ninayoyaogopa ni macho. Wakati mtoto anakula utandu nimeyaona."

"Yalikuwa yanatafuna," Bibi alisema.

Nikaahidi kuyafundisha macho yangu. Kila jioni nilikula nao, nikasimulia, nikakosa utandu, nikavumilia. Nikaanza kutembea mchana nikitafuta cha kusimulia: mbega mama anayemkung'uta mwanawe umande, ua linalofunguka likiguswa na ukungu, mzee mwenye kibali cha maamkizi akifanya mazoezi peke yake, akijiuliza na kujijibu habari za ng'ombe ambao hana. Nilitaka kushinda. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Hapo ndipo nilipoharibu mambo bila kujua. Bwana Kalobo alikuja kunikagua, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Bwana mgeni, umenenepa."

"Ni jemu."

"Hakuna mtu aliyewahi kunenepa kwa jemu ile. Na macho yako yametulia. Mwenye wivu akitulia, ujue kuna kitu anakipata." Akainua pua juu, akavuta hewa ya nyumba ile, mara moja, kwa utaalamu. "Kesho ni siku yako. Mwenye nyumba aje na vyombo vyake vyote vya jikoni. Na kilichomo ndani yake kiwe cha moto."

Usiku ule Mama Sekela aliupitisha mwiko, ilipofika zamu yake akasema, "Leo nimemwona Mpima Macho akinusa," akauachia. Utandu hakuna aliyepewa. Tuliuacha chunguni.

Baraza lilijaa. Mwenyekiti Asajile aliketi katikati na wajumbe wake pande zote, ngozi za kondoo zikiwafunika mapaja, na mimi nikasimamishwa mbele yao juu ya jiwe la baridi. Walianza na hotuba. Kila mjumbe alieleza jinsi Sifanje inavyoupenda utamaduni wake, na kila mmoja alirudia aliyoyasema wa kwanza, akiongeza shukrani. Miguu yangu ilikufa ganzi, ikafufuka, ikaanza kuwaka. Mama Sekela alisimama kando, chungu kichwani, Sekela amemshika kanga.

Hatimaye Bwana Kalobo akasimama uso kwa uso nami, karibu hata kope zetu zikakaribia kugusana, akaashiria chungu kifunuliwe.

Harufu ikatoka. Watu wazima katika umati ule walifumba macho. Nadhani kila mmoja alikuwa na chungu chake alichokificha mahali. Nikapewa mwiko. Nikaonja. Mama Sekela alikuwa amekipika kwa mkono ule ule, hakukiharibu hata kidogo. Yaani mwanamke yule, hata siku ya kukipoteza, hakuweza kukipika vibaya.

"Umekionea wivu?" aliuliza Bwana Kalobo.

Machozi yalikuwa karibu. Nikatema chini.

"Hiki?" nilisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Kwetu nina paka anayekula mende. Hata yeye angekinusa hiki akageuka. Na huyu mama amenilisha uchafu huu na kuniita mgeni!"

Umati ukaangua kicheko, kile kicheko cha watu wanaofurahi kwamba hawakuguswa wao. Sekela alinitazama, midomo ikamcheza, akalia. Mama Sekela hakulia. Alikifunika chungu taratibu na uso wake ukafungwa, na mimi sikujua kama amenielewa au amenichukia.

Bwana Kalobo hakucheka. "Mdomo umesema," alisema. "Sasa macho. Niambie umeonea wivu nini, tuone kama vinakubaliana."

Nilijua nikimtazama Mama Sekela nimekwisha. Nikayang'oa macho yangu kwa nguvu, nikayapeleka mbele, na yakaangukia ngozi ya kondoo. Nikaona mgongo ule wa kiti uliopinda. Nikaona kisigino cha Mwenyekiti Asajile kikijikuna polepole kwenye mguu wa kiti, kwa raha. Miguu yangu iliwaka moto, na wivu, ule wivu wangu wa kuzaliwa, ambao haujawahi kunisaidia kitu, ukaja wote kwa pamoja.

"Viti!" nilipiga kelele. "Nimeonea wivu viti vyenu! Tangu asubuhi nimesimama hapa na nyinyi mmekaa! Mungu anione, sijawahi kutamani kitu kama ninavyotamani kuweka makalio yangu juu ya kiti kile!"

Bwana Kalobo alinichungulia jicho la kulia, kisha la kushoto. Akarudia la kulia. Ni mtu wa kazi yake, hakuweza kudanganya.

"Ni wivu wa kweli," alitangaza. "Tena wa daraja la juu. Viti ni Tunu ya Mji."

Mkulima yule wa uji akapiga makofi peke yake, na wengine wakafuata. Walinzi walikuja na kamba, kwa heshima, wakawaomba waheshimiwa wanyanyuke. Mwenyekiti Asajile alinyanyuka wa mwisho, akakipapasa kiti chake, na mlinzi akamkumbusha kwamba mwananchi haruhusiwi kukigusa. Hoja iliyofuata ilikuwa kuongeza urefu wa uzio wa ukungu. Wajumbe, wakiwa wamesimama, waliijadili kwa muda wa kikohozi kimoja, wakaahirisha, wakaenda nyumbani. Naambiwa tangu siku ile Baraza la Sifanje halijapitisha sheria yoyote, maana hakuna mjumbe ambaye magoti yake yanafika mwisho wa hoja, na kwamba moshi wa uji umeanza kuonekana tena asubuhi.

Niliondoka jioni ile ile. Bwana Kalobo alinisindikiza, kwa kuwa sheria inataka mgeni apimwe macho mpaka langoni, na njia ya lango inapita mbele ya nyumba ya Mama Sekela. Majirani walikuwa wamejipanga kusikiliza haki ikitendeka.

Alitoka mlangoni na chungu mikononi. Nyuma yake alisimama Bibi na mkongojo, na Sekela, ambaye sasa halii.

"Ewe mgeni usiye na ulimi!" aliita, na sauti yake ilikuwa kali kweli. "Umekula kwangu ukatema! Pita na njia yako, na njaa ikupitie! Paka ana heshima kuliko wewe. Mnasikia, majirani? Leo katika nyumba hii aliyesimulia vizuri kuliko wote ni paka!"

Majirani wakacheka. Akainama kizingitini, akakwangua chungu kwa mwiko mpaka chini kabisa, akautoa utandu wote, mzima, wa kahawia, bado unafuka moshi. Akauweka chini, akainua macho yake yenye kope zilizobabuliwa, akanitazama.

"Utandu wa leo," alisema, na sauti ikamkatika kidogo, "ni wa paka."

Paka akatokea chini ya uchaga wa kuni, paka mkubwa wa kijivu mwenye sikio moja lililochanika, asiyewahi kuona wala kusimulia kitu chochote maishani mwake. Akaunusa utandu wangu. Hakugeuka. Akaanza kula, taratibu, akianza na pembeni penye ugumu, ambapo mimi pia ningeanzia.

Nilisimama nikamwangalia mpaka Bwana Kalobo akanishika bega na kunigeuza.

"Macho yako yamewaka," alisema. "Umeonea wivu nini tena?"

Nilimeza mate. "Paka."

Alinichungulia muda mrefu, akaona kwamba ni kweli. Kisha akamtazama paka, akautazama ukuta na paa, akapumua kwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi nyingi siku hiyo.

"Huyo hatumwezi," alisema. "Ukimwekea uzio ataruka."